Injini ya trekta ikizunguka kwa uzito

Hapa Mwera, wilayani Pangani, upepo wa bahari huleta chumvi inayokula vichwa vya betri. Stata ikizungusha injini kwa uzito, tusikimbilie kununua betri mpya. Tuweke gia huru, tufungue waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Tusugue unga mweupe kwa maji ya magadi, yasiingie ndani ya betri. Tukaushe, tufunge chanya kwanza, tukaze. Tusafishe pia waya wa hasi ulipofungwa kwenye chasisi.

Ikibaki nzito, tupime. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takriban 12.6; chini ya 12.4 ichajiwe. Ikiwa imejaa lakini inashuka chini ya 9.6 tunapowasha, huenda imechoka. Isiposhuka, tukague nyaya na stata.