Kumkanda mtoto mwenye usonji: kunasaidia nini, na hakusaidii nini

Akina mama wa Ngara na Biharamulo wanajua kukanda tangu zamani, kabla neno usonji halijaanza kusikika redioni. Mwanamke akijifungua, mama yake au mama mkwe huchemsha maji, akachovya kitambaa na kumkanda tumbo na mgongo. Mtoto mchanga hupakwa mafuta, akanyooshwa mikono na miguu taratibu baada ya kuoga. Kijana akiteguka mguu mpirani, anatafutwa mzee anayejua kuchua. Kwa hiyo mzazi wa Murukulazo akiambiwa kwamba masaji inaweza kumsaidia mtoto wake mwenye usonji, haoni jambo geni. Anachotaka kujua ni kama inasaidia kweli, inasaidia kiasi gani, na kama inafaa kuuza mbuzi ili kumlipa mtu anayesema ataiondoa hali hiyo kwa mikono yake.

Tujibu hilo la mwisho kwanza, kwa sababu ndilo linalogharimu: usiuze mbuzi. Kukanda hakuondoi usonji. Kunaweza kumtuliza mtoto, kumsaidia kulala na kumzoesha kuguswa, na kazi hiyo mzazi anaweza kuifanya mwenyewe nyumbani bila kulipa mtu.

Usonji kwa kifupi

Usonji ni hali ya ubongo kukua na kufanya kazi kwa namna tofauti na ilivyozoeleka. Huanza mapema, na dalili nyingi huonekana kabla mtoto hajatimiza miaka mitatu. Mtoto anaitwa jina lake hageuki, ingawa akisikia pikipiki mbali anakimbilia mlangoni. Haonyeshi kitu kwa kidole. Anapanga visoda au mawe kwa mstari saa nzima na kulia ukivisogeza. Wengine hawasemi, na wengine huanza kusema maneno machache kisha yanapotea. Wapo pia wenye usonji wanaoongea vizuri, wanaosoma na kufaulu, ila wanapata shida kuelewa utani au kukaa penye kelele. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliieleza hali hii katika maandishi yake ya mwaka 1943, lakini watu wa namna hii walikuwepo vijijini mwetu siku zote. Tuliwaita mabubu, wapumbavu, au watoto waliorogwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo kata yenye watu 10,000 ingekuwa nao karibu 80. Kama wewe umewahi kumwona mmoja tu, huenda wengine wamefungiwa ndani.

Hausababishwi na uchawi, wala malezi ya mama, wala chanjo. Habari ya chanjo ilitokana na makala ya mwaka 1998 iliyochapishwa Uingereza, ambayo jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010.

Ngozi inayosikia kupita kiasi

Ili kuelewa kwa nini watu walifikiria kukanda, lazima uelewe ngozi ya watoto hawa. Wengi wao hupokea sauti, mwanga, harufu na mguso kwa kiwango tofauti na chetu. Kola ya shati jipya inaweza kumkera kama upupu. Kuoshwa uso, kunyolewa nywele na kukatwa kucha huwa vita. Mwingine ni kinyume: anagonga ukuta, anajibana kati ya godoro na ukuta, anataka kubebwa kwa kukumbatiwa sana, kana kwamba mwili wake hausikii mpaka ubanwe.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalitegemei ni kwamba mguso mwepesi ndio huwaudhi zaidi. Unampapasa kwa ncha za vidole ukidhani unambembeleza, naye anaruka kama aliyeunguzwa. Ukimshika kwa kiganja kizima, kwa uzito uliotulia, anatulia.

Wafugaji wa huku watamwelewa vizuri Temple Grandin, mwanamke wa Marekani mwenye usonji aliyezaliwa mwaka 1947. Akiwa msichana, alikwenda kwenye ranchi ya shangazi yake huko Arizona akaona ng'ombe wakipitishwa kwenye kibanio, ile njia nyembamba inayombana mnyama ubavuni ili achanjwe bila kurusha mateke. Aliona baadhi ya ng'ombe waliokuwa na wasiwasi wakitulia baada ya kubanwa. Yeye mwenyewe alitamani kukumbatiwa lakini hakuweza kuvumilia mtu kumkumbatia, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuamua lini kukumbatia kuishe. Basi akajitengenezea kibanio chake cha mbao, chenye mito ubavuni, ambacho aliweza kukikaza na kukilegeza kwa mkono wake. Kilimpunguzia wasiwasi. Baadaye akawa profesa wa sayansi ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Hatusemi mtoto apelekwe kwenye josho. Tunalotaka ulichukue ni kwamba mgandamizo ulimtuliza kwa sababu yeye ndiye aliyeamua uanze na uishe lini.

Waliopima waliona nini

Katika Chuo Kikuu cha Miami kuna watafiti waliojishughulisha na mguso tangu mwaka 1992, wakiongozwa na Tiffany Field. Mwaka 2001 walitoa matokeo ya jaribio la watoto 20 wenye usonji, wa miaka mitatu hadi sita. Wazazi wa kundi moja walifundishwa kuwakanda watoto wao dakika 15 kila usiku kabla ya kulala, kwa mwezi mmoja. Wazazi wa kundi la pili walitumia muda huohuo kuwasomea hadithi. Watoto waliokandwa walilala vizuri zaidi, na shuleni walipunguza mienendo ya kurudiarudia na kuwajali zaidi wenzao wakati wa kucheza.

Huko Oregon, daktari Louisa Silva naye alifundisha wazazi aina ya kukanda yenye asili ya China, dakika 15 kwa siku kwa miezi mitano. Wazazi walieleza kuona mabadiliko katika usingizi, haja kubwa, na jinsi mtoto anavyovumilia kuguswa. Wazazi wenyewe, ambao msongo wao ulikuwa mkubwa, walisema umepungua.

Sasa, mkulima akijaribu mbolea kwenye mashina matatu ya migomba hawezi kuwatangazia majirani kwamba imethibitika. Ndivyo ilivyo hapa. Watoto 20 ni wachache. Tena, mzazi aliyekanda kila usiku kwa mwezi anajua amekanda, na anatamani kuona mabadiliko. Akiulizwa, jibu lake haliwezi kuwa sawa na la mtu asiyejua. Mwaka 2011 wataalamu walikusanya majaribio sita ya namna hii na kuyachambua. Walisema yanatia moyo, lakini yalifanywa kwa njia zenye dosari nyingi kiasi kwamba huwezi kutoa hukumu. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo kauli ya haki. Kukanda ni nyongeza. Hakuchukui nafasi ya kumfundisha mtoto kuwasiliana, kujihudumia na kwenda shule.

Namna ya kuanza nyumbani

Anza na muda. Chagua saa moja isiyobadilika, na iliyo bora ni jioni baada ya kuoga na kula, taa ikiwa imepunguzwa, redio imezimwa (ndiyo, hata sisi tuzime). Watoto hawa hupenda mambo yafuatane vilevile kila siku. Maji, chakula, mkeka, mafuta, kulala: baada ya wiki chache chupa ya mafuta yenyewe itakuwa inamwambia kwamba usiku umefika. Kwa mtoto asiyesema, ishara kama hiyo ina thamani kubwa. Inakadiriwa kwamba kati ya nusu na asilimia 80 ya watoto wenye usonji wana shida ya usingizi, na nyumba ambayo mtoto halali ni nyumba ambayo mama naye anakwenda shambani bila kulala.

Jioni za Ngara zina baridi, hivyo pasha mikono kwanza. Mafuta ya kupikia ya alizeti yanafaa, ya nazi yanafaa, mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanafaa, na samli pia kama mtoto haichukii harufu yake. Usitumie dawa za kuchua zinazowasha na kuleta ubaridi au moto kwenye ngozi. Kwa mtoto wa namna hii ni mateso. Jaribu tone moja mkononi mwake, subiri mpaka kesho uone kama kuna vipele.

Mwonyeshe mikono yako kabla hujamgusa. Anza juu ya nguo kama hataki ngozi iguswe. Miguu na mgongo huvumilika zaidi kuliko uso na kichwa, kwa hiyo anzia hapo. Weka kiganja kizima, gandamiza kwa uzito wa wastani, telezesha polepole kutoka paja kwenda unyayoni, kutoka bega kwenda kiganjani. Hesabu kwa sauti ya chini, moja mpaka kumi, kisha acha. Kuhesabu kunamwambia kwamba jambo hili lina mwisho. Siku ya kwanza inaweza kuwa dakika mbili tu, na hizo zinatosha. Akivuta mkono wako aurudishe mgongoni, ameomba. Jibu mara moja, kwa sababu hayo ndiyo mazungumzo. Akiusukuma, ameku­kataza, nawe uache. Mtoto anayeshikiliwa kwa nguvu ili akandwe anajifunza kuogopa mikono ya mama yake.

Kama anapata choo kigumu, jambo la kawaida kwa watoto hawa, unaweza kumzungushia kiganja tumboni kwa upole, kutoka chini upande wake wa kulia, kupanda, kuvuka juu ya kitovu, kushuka upande wa kushoto. Mpe maji ya kutosha na matunda pia. Kama tumbo ni gumu, limevimba au linamuuma, usiliguse, nenda zahanati.

Kuna faida nyingine ambayo watafiti hawakuizungumzia sana. Mtoto asiyesema hawezi kukuambia sikio linauma. Ukimkanda kila jioni unaujua mwili wake: unaona funza mapema, jipu kwapani, mchubuko usioujua ulikotoka, joto la homa inayoanza.

Wakati wa kuacha

Mtoto mwenye homa hakandwi, anapelekwa kupimwa malaria. Vilevile usikande penye kidonda, upele wa kuambukiza, uvimbe usioeleweka au mfupa uliovunjika. Usonji na kifafa huenda pamoja mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mtoto aliyewahi kupata degedege au kifafa azungumziwe kwanza na mganga wa hospitali, na wakati wa degedege usimkande wala kumshikilia. Shingo haipindwi wala kunyongwa kwa namna yoyote. Kumfunika mtoto kwa blanketi zito ili atulie kunawezekana, lakini uso uwe wazi na aweze kutoka mwenyewe.

Lipo pia jambo ambalo wengi huona haya kulisema. Mtoto asiyeweza kueleza ni windo rahisi kwa mtu mwenye nia mbaya. Kazi ya kukanda iwe ya baba, mama, bibi au dada mkubwa mnayemwamini, mlango ukiwa wazi. Sehemu za siri hazihusiki kabisa. Mtu akitaka kubaki na mtoto peke yake chumbani "ili dawa ifanye kazi", mchukue mtoto wako muondoke.

Waganga wa tiba asili na tiba mbadala wana sheria yao ya mwaka 2002, na wanatakiwa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Una haki ya kuuliza cheti. Hata mwenye cheti, akikuahidi kwamba mtoto atapona usonji baada ya siku saba au arobaini, amekudanganya. Chale, moshi, kufungwa kamba na kunyimwa chakula ni kumuumiza mtoto.

Pa kupeleka mtoto

Anzia zahanati au kituo cha afya cha kata, ukaombe rufaa. Hospitali za Nyamiaga na Murgwanza kwa watu wa Ngara, na hospitali ya wilaya kwa watu wa Biharamulo, ndizo hatua inayofuata. Juu yake kuna hospitali ya rufaa ya mkoa Bukoba, na Bugando jijini Mwanza kwa Kanda ya Ziwa nzima. Omba mtoto apimwe masikio kwanza, kwani mtoto asiyesikia hufananishwa na mwenye usonji. Uliza pia kama kuna mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Hawa ndio wanaojua zaidi habari za mguso na hisia za mwili, na hapa nchini wanafundishwa KCMC, Moshi. Moshi hiyohiyo ipo Gabriella, kituo kinachowahudumia watoto wenye ulemavu wa ukuaji, na Dar es Salaam shule ya msingi Msimbazi Mseto ina kitengo cha wanafunzi wenye usonji. Ni mbali, tunajua.

Shuleni, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma kama wenzake. Mwalimu akikataa kumpokea, mwone afisa elimu maalumu au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Unapokwenda kwa mtaalamu yeyote, beba daftari. Andika kwa wiki mbili: alilala saa ngapi, aliamka mara ngapi, alikula nini, alipata choo lini, ulimkanda au hukumkanda, na siku hiyo ilikuwaje. Kama hujui kuandika, mwambie mtoto wa shule akuandikie.