Kulala na usingizi: jinsi mwili unavyopimwa usiku

Kitenzi *lala* kina maana mbili zinazokaribiana: kujinyoosha kitandani, na kuwa usingizini. Ndiyo maana mtu anaweza kusema, bila kujikanganya, «Nililala mapema lakini sikupata hata lepe la usingizi.» Nomino *usingizi* haina utata huo, hutaja hali yenyewe ya mwili na akili kupumzika, fahamu zikiwa zimefifia. Pengo lililopo kati ya maneno haya mawili ndilo wanasayansi wanalolipima. Ndani yake hujificha maradhi ambayo mgonjwa hawezi kuyasimulia, kwa kuwa aliye usingizini hajioni.

Kipimo

Kipimo kikuu huitwa polisomnografia, yaani kurekodi kwa pamoja ishara nyingi za mwili wakati wa usingizi. Anayepimwa hulala katika chumba maalumu, elektrodi zikiwa zimebandikwa kichwani, kando ya macho na kidevuni. Za kichwani hunasa umeme hafifu wa ubongo, za machoni mwendo wa macho, na za kidevuni mkazo wa misuli. Mikanda ya kifuani na tumboni huonyesha juhudi ya kupumua, na kitambuzi cha puani hupima hewa ipitayo. Kibanio cha kidoleni hupitisha mwanga ili kukadiria oksijeni iliyomo damuni. Mapigo ya moyo hurekodiwa pia.

Msingi wa kazi hii uliwekwa na Hans Berger, daktari wa Ujerumani, aliyerekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kuchapisha matokeo mwaka 1929. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba kuna vipindi ambapo macho ya aliyelala huenda huku na huko kwa kasi chini ya kope. Wengi walioamshwa wakati huo walisimulia ndoto.

Hatua za usingizi

Rekodi ya usiku mzima hugawanywa katika vipande vya sekunde 30, na kila kipande hutajiwa hatua yake. Baadhi ya hatua hizo zinakaribiana na hali ambazo Kiswahili kilikwisha kuzipa majina. Hatua ya kwanza, ambapo mtu huamshwa kwa urahisi, inafanana na usingizi wa mang'amung'amu. Ya pili huuimarisha usingizi. Katika ya tatu, ubongo hutoa mawimbi makubwa ya polepole, yasiyozidi mawili kwa sekunde. Huyo ndiye aliyelala fofofo, usingizi wa pono. Hatimaye huja usingizi wa macho kwenda kasi, ambapo misuli mingi hulegea kabisa. Mtu akizinduka kabla ulegevu huo haujamwachia, hujikuta hawezi kujitikisa, na pengine huhisi amekaliwa kifuani. Hali hiyo ni miongoni mwa zile ziitwazo *jinamizi*.

Kukoroma si dalili ya raha

Anayekoroma hudhaniwa kuwa amelala vizuri. Vipimo huweza kuonyesha kinyume chake: njia ya hewa huziba, pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hushuka, na ubongo humgutua bila yeye kukumbuka. Kwa mtu mzima, pumzi kukatika au kupungua sana chini ya mara 5 kwa saa huhesabiwa kuwa kawaida. Mara 30 au zaidi ni hali mbaya. Asubuhi mtu huyo ataapa kwamba alilala usiku kucha. Mchana atasinzia, hata akiwa ameshika usukani.

Matumizi

Mbele ya daktari, ni vyema kutenganisha kauli mbili: «Nilikaa kitandani saa 8» na «Nilipata usingizi wa saa 6.» Kwa mfano huu, usingizi ulichukua asilimia 75 ya muda wa kitandani, kwa kawaida asilimia 85 au zaidi huhesabiwa kuwa nzuri. Inafaa pia kuandamana na yule anayelala chumba kimoja na mgonjwa, kwani ndiye aliyesikia mkoromo ukikatika.

*Tazama pia:* fofofo, jinamizi, koroma, lepe, sinzia.