Maini, Mutura na Mvinyo Mkali

Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, pamoja na meza na leso. Lakini ukifungua kamusi za zamani utaona halikuishia kwenye divai ya kawaida. Lilitaja pia pombe kali, ile inayochoma koo. Divai ya kawaida haivumilii joto na misukosuko ya bahari, hugeuka siki. Kati ya karne ya 17 na ya 18 wafanyabiashara wa Ulaya wakazoea kutia brandi ndani ya pipa ili mvinyo ustahimili safari. Ndiyo asili ya port, sherry na Madeira. Madeira hata ilipendwa zaidi baada ya kuchemkia melini, kwa hiyo mapipa mengine yalizungushwa tropiki makusudi kisha yakarudishwa.

Mvinyo wa namna hii ulipofika Nairobi ulikuja na masharti. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umezuia biashara ya pombe kali kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili, na serikali ya kikoloni ikaendelea na mwendo huohuo. Muthaiga Club ilifunguliwa mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1913. Kwa desturi ya Kiingereza port hunywewa baada ya mlo, na jibini na njugu, wakati sahani kubwa zimeshaondolewa. Mwafrika aliyebeba sinia alijua mpangilio huo wote kwa macho tu. Kumimina aliruhusiwa. Kunywa hapana.

Kilomita chache kutoka hapo, Kibera ilikuwa na mvinyo mkali wake. Wanubi, wanajeshi wa asili ya Sudan waliotumikia King's African Rifles, waliwekwa katika msitu ambao kwa Kinubi waliuita kibra. Mwaka 1918 serikali ilitangaza ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Hawakupewa hati. (Hati ya jamii ilikuja 2017, na ilikuwa ya ekari 288. Fanya hesabu mwenyewe.) Bila ardhi ya uhakika, wanawake wengi wa Kibera walitegemea kutengeneza jini ya Kinubi, na ndiyo iliyolipia karo na unga.

Kuna nyanya mmoja wa Kibera ambaye huniambia mambo haya akiwa anachambua mboga. Mama yake alikuwa akiuza. Yeye mwenyewe akauza baadaye, miaka mingi, na ni Mwislamu ambaye hajawahi kuonja hata tone. “Mimi nilikuwa naangalia sahani,” aliniambia. “Ikirudi tupu, hiyo chakula inaenda na pombe. Ikirudi nusu, kesho sipiki.” Kwao mteja alikaa. Aliletewa gurusa, ile mikate myembamba ya ngano, na mchuzi wenye mafuta, au samaki wa kukaanga aliyetoka ziwani. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 nayo inakatiza Kibera mpaka leo, kwa hiyo samaki hakuwa mgeni.

Sheria ya 1980 ilipopiga marufuku chang'aa kabisa, kilichopotea kwanza, kwa maoni yangu, ni hicho kiti na hiyo sahani. Pombe haikupotea. Mtu aliyeogopa karau hakai kungoja mchuzi. Anaingia kwa mama pima, anakunywa kikombe akiwa amesimama, anatoka. Na aliyetaka faida ya haraka akaanza naye kuongeza nguvu, ila si kwa brandi ya zabibu. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Mukuru kwa pombe iliyochanganywa na methanoli, na wengine wakapofuka. Chakula kisingewaokoa, methanoli haijali umekula nini. Lakini siwezi kuacha kuona tofauti: kule Ureno kuongeza nguvu kuliandikiwa sheria na kukaguliwa, huku kulifanyika gizani. Chang'aa ilihalalishwa tena kwa sheria ya 2010, kwa sharti iwekwe kwenye chupa za glasi zenye lebo. Wapikaji wengi wadogo hawakuwa na mtaji wa kuzinunua.

Kawangware ina meza yake. Machinjio ya Dagoretti hayako mbali, na nyama nzuri inapoenda mjini, matumbo, vichwa na miguu hubaki kwa bei yetu. Jioni barabarani utakuta mutura unakatwa kwenye ubao, chumvi pembeni, kachumbari ya pilipili, na supu ya kichwa ndani ya kikombe cha plastiki. Hiki ni chakula kilichokua kando ya pombe, na kinajua kazi yake: mafuta, chumvi, na kidogo ladha ya moshi.

Kwa hiyo beshte wetu aliporudi Desemba na chupa ya port, tukiwa watu sita kwa nyumba ya chumba kimoja Kawangware, swali la “tunakula nini na hii kitu?” halikuwa gumu kama tulivyodhani. Mmoja alitaka tununue jibini ya supermarket. Bei yake ingemaliza mchango wote. Lebo ilisema asilimia 20, na mvinyo huo ni mtamu sana. Utamu hutaka chumvi na mafuta. Mutura unavyo vyote viwili. Njugu karanga za kukaanga zilifaa vizuri sana. Omena waliokauka, wenye chumvi, wangefaa zaidi na sherry isiyo na sukari, kwa port uchungu wao ulijitokeza mno. Adui ni pilipili. Nguvu ya pombe huiwasha mara mbili, kwa hivyo kachumbari tuliifanya ya nyanya, kitunguu na dania pekee, na mwenye malalamiko akapewa pilipili yake kando. Nyama choma kavu nayo ilizimwa kabisa na utamu. Na tulimimina kidogo kidogo, kwa vikombe vya chai ya watoto, maana glasi hatukuwa nazo.

Lakini chakula kikuu hatukukichagua sisi. Mchana ule nilikuwa nimempigia yule nyanya wa Kibera simu, kumweleza tuna mvinyo wa kizungu na hatujui pa kuanzia.

“Ni tamu ama ni kali?” akauliza.

“Zote mbili, nyanya.”

Akanyamaza kidogo. “Basi kaanga maini. Vitunguu vingi, mpaka viwe vyekundu. Usiweke nyanya, itafanya ichachuke. Na wale kwanza, ndio mfungue chupa.”

Sufuria ilirudi tupu.