Kitambaa kilibaki, sauti ikanyamazishwa

Jumapili asubuhi, barabara itokayo Gisenyi kwenda Kigali hujaa wanawake. Ukisimama Rugerero, karibu na mto Sebeya, unaweza kukisia nani anasali wapi kwa kutazama vichwa tu. Wengi wa akina mama wa ADEPR, kanisa la Kipentekoste, wamefunga vitambaa vilivyoficha nywele zote. Wakatoliki wanaopanda kuelekea Nyundo wamevaa mishanana, vazi la heshima la Kinyarwanda, vichwa wazi, nywele zimesukwa. Masista wana shela zao.

Kwa bibi zao mambo yalikuwa kinyume. Kati ya makanisa haya, ni la Kikatoliki lililokuwa na sheria iliyoandikwa. Kanuni ya 1262 katika Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilitaka mwanamke aingie kanisani amefunika kichwa na kuvaa kwa staha, hasa anapokwenda kukomunika. Kanuni hiyohiyo ilipendekeza pia wanawake wakae mbali na wanaume, kwa desturi ya kale.

Wakati huo misheni ya Nyundo ilikuwa na miaka kumi na sita. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, waliifungua mwaka 1901, mwaka mmoja tu baada ya misheni ya kwanza ya Rwanda kule Save. Hapa Bugoyi, eneo la Gisenyi, hawakukuta vichwa visivyo na maana. Msichana asiyeolewa alinyolewa amasunzu, yale matuta ya nywele yaliyochongwa kama mwezi mchanga. Akishaolewa aliziacha nywele ziote, na akishazaa alivaa urugori, taji jembamba la ganda la bua la mtama, likizunguka paji la uso. Aliyemwona njiani alijua anakutana na mama na alimpa heshima yake. Kichwa chake kilimtaja kwa alichokileta duniani. Kitambaa cha misheni kilikuja na lugha nyingine, ya staha na utii, na nadhani hapo ndipo jambo kubwa lilipopotea.

Maana Paulo hakuandika utii peke yake. Katika sura ya 11 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho anamzungumzia mwanamke anayesali na kutoa unabii mbele ya kusanyiko. Ni kweli, anataka afunike kichwa, na hoja zake ni nzito: uumbaji, malaika, maumbile, desturi ya makanisa. Lakini hamwambii aache kusali wala kutabiri. Amri ya kunyamaza iko mbele, sura ya 14, na wataalamu wa Biblia hadi leo wanabishana namna sura hizo mbili zinavyokaa pamoja. Tena Kenkrea, bandari ya Korintho yenyewe, ndiko alikotoka Fibi, ambaye Paulo anamwita mhudumu wa kanisa kwa neno lilelile la Kigiriki lililotupa shemasi. Makanisa yetu yaliposhika kitambaa na kuacha unabii, yalishika nusu ya aya.

Na haikuwa nchi isiyozoea sauti ya mwanamke katika mambo ya roho. Kaskazini mwa Rwanda na huko Kigezi, Uganda, Nyabingi alikuwa roho wa kike, na wanawake walikuwa miongoni mwa wasemaji wake wakuu. Muhumuza, mjane wa mwami (mfalme) Rwabugiri, aliwakusanya watu kwa jina hilo mpaka Waingereza wakamkamata mwaka 1911. Alizuiliwa Kampala hadi kufa kwake mwaka 1945. Mbele ya wamisionari unabii wa namna hiyo ulikuwa ushetani, na mbele ya serikali ulikuwa uasi. Sishangai kwamba mwanamke anayetabiri hakupewa nafasi katika katekisimu.

Nafasi ilirudi kwa mlango mwingine. Katika miaka ya 1930, uamsho uliotoka Gahini, misheni ya Kianglikana mashariki mwa nchi, uliwasimamisha wanawake kutoa ushuhuda mbele ya waume na wachungaji wao. Wapentekoste wa Uswidi, walioanza Gihundwe mwaka 1940, walileta kanisa ambalo baadaye likawa ADEPR, na humo kitambaa kilitia mizizi.

Roma nayo ilikilegeza. Mwaka 1976 ofisi ya mafundisho ya imani ilitamka kwamba agizo la Paulo juu ya kufunika kichwa lilikuwa desturi ya wakati wake na halifungi tena. Lakini waraka huo uliandikwa ili kueleza kwa nini mwanamke hawezi kupewa upadri. Karatasi moja ilifungua kitambaa na kufunga altare. Sheria mpya ya mwaka 1983 haikutaja kitambaa kabisa. Mwaka huohuo, ng'ambo ya mpaka huko Kigezi, Askofu Festo Kivengere aliwapa wanawake watatu ukasisi wa Kianglikana. Huko Butere, Kenya, Rose Okeno aliwekwa wakfu kuwa askofu wa dayosisi mwaka 2021.

Gisenyi ina mwanamke wake. Félicité Niyitegeka hakuwa sista wala mchungaji. Alikuwa mlei aliyejiweka wakfu katika utume, akisimamia Kituo cha Mtakatifu Petro mjini. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, aliwaficha humo Watutsi waliokuwa wakiwindwa na kuwasaidia wengine kuvuka mpaka kwenda Goma. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimtumia ujumbe aondoke ajiokoe. Alimjibu kwa barua kwamba hatawaacha watu wake. Afadhali afe pamoja nao. Tarehe 21 walichukuliwa hadi makaburi yaliyoitwa Commune Rouge, naye akauawa pamoja nao. Rwanda imemweka katika kundi la Imena la mashujaa wake.

Siku zile waliokuwa wamejificha kituoni walimtazama yeye, naye ndiye aliyekuwa akiwaongoza katika sala.