Unasaji: mkaa wa mabaki na metali nzito

Mtu wa Handeni au Korogwe hahitaji kufundishwa mkaa. Mchomaji yeyote atakuambia kwamba kazi yote ni kuziba matundu ya tanuri, maana moto ukipata hewa ya kutosha, asubuhi utafukua majivu. Bayocha hutengenezwa kwa kanuni hiyohiyo, ila hakuna mti unaokatwa. Huko Makuyuni, wilayani Korogwe, yatatosha magunzi yaliyobaki baada ya kupukuchua mahindi, pumba za mpunga, au mabaki ya mkonge yakishakaushwa. Na mabaki ya mkonge hayaishi: katani ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani, sehemu kubwa ya salio mashine ya korona huitema kama taka. Vitu hivyo vikichomwa penye hewa haba, kwa joto la nyuzi 300 hadi 700 za Selsiasi, hutoa mkaa mwepesi wenye vitundu tele. Bayocha ni jina zuri la maabara. Mimi nauita mkaa wa mabaki, ili anayeusikia ajue papo hapo umetokana na nini.

Shida iko kwenye jina la kazi yake. Mkaa huu huondoa metali nzito majini: risasi, kadimi, zebaki, ile ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia kwenye mialo yao. Kwamba metali hizi si habari za mbali, waulize wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Shirika la Afya Duniani linataka risasi isizidi miligramu 0.01 katika lita ya maji ya kunywa.

Wengi watasema mkaa "unafyonza" risasi hiyo. Sikubaliani nao. Kinachofyonzwa huingia ndani na kuenea, lakini risasi hukamatwa usoni. Ioni zake zina chaji chanya, uso wa mkaa una chaji hasi, basi hunata; nyingine hubadilishana nafasi na kalsiamu au potasiamu, nyingine hugandishwa na fosfeti na kaboneti zilizomo kwenye majivu. Ndiyo maana napendekeza unasaji. Aliyewahi kutega ndege kwa ulimbo anajua: ndege hazami humo, hunaswa juu yake, na ulimbo ukishajaa manyoya haukamati tena.

Ukishasema unasaji, maswali ya fundi yanakuja yenyewe. Uso una ukubwa gani? Vunja gunzi lililoungua vizuri, utaona vijitundu. Usage, na nyuso zitaongezeka. Maji yana asidi? Basi ioni za haidrojeni zitawahi nafasi kabla ya risasi. Na kama sumu ni aseniki, ambayo majini huwa na chaji hasi mara nyingi, mkaa mtupu utaisukuma mbali. Mkaa huo hupakwa kwanza oksidi ya chuma.

Tanzania ina uzoefu wa jambo la karibu na hili. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, huondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa. Floraidi si metali, na mifupa hunasa kwa madini yake ya fosfeti zaidi kuliko kwa kaboni, lakini chujio ni lilelile: likijaa, hubadilishwa.

Swali gumu zaidi ni la mwisho wa safari. Kilichonaswa bado kipo. Mkaa uliojaa risasi hautiwi shambani, ingawa ule msafi hurutubisha udongo. Uliojaa zebaki haupelekwi jikoni kabisa: ukiwaka, zebaki hupanda kama mvuke na kuvutwa na mpishi. Huhifadhiwa kwenye chombo kilichofungwa, mbali na maji na moto, hadi upelekwe kwa wenye uwezo wa kushughulikia taka zenye sumu.