Kutoka Pesa 64 hadi Hela 100: Lugha ya Namba Nzima na Desimali Darasani

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeingia Kidato cha Kwanza nchini Tanzania hukutana mapema na mada mbili alizokwisha kuzisoma katika shule ya msingi: namba nzima na desimali. Namba nzima hazimsumbui sana. Desimali ndizo humkwaza. Akiulizwa ipi ni kubwa kati ya 0.8 na 0.35, huenda akataja 0.35, kwa kuwa 35 inazidi 8. Kosa hili si la Waswahili peke yao. Watafiti wa elimu ya hisabati wamelikuta katika nchi nyingi. Hata hivyo, katika Kiswahili lina historia yake, na historia hiyo imehifadhiwa na msamiati. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba Kiswahili kiliipokea desimali kupitia fedha, na kwamba fedha iliifundisha kama namba nzima ya pili.

2.0 Namba Nzima: Matabaka Juu ya Msingi Mmoja

Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa yametoka katika Kiarabu, sawa na ishirini hadi tisini, mia na elfu. Laki imetoka Bara Hindi na milioni imetoka Ulaya. Maneno ya kale hayakufutika yote: kenda lilikuwa na maana ya tisa, na fungate, yaani siku saba za arusi, bado linaibeba saba ya zamani.

Matabaka hayo hayakuuvunja msingi wa kumi. Kumi na moja ni neno linalojieleza lenyewe, na mtoto anayejifunza mamoja, makumi, mamia na maelfu huiona thamani ya nafasi katika lugha yake. Utata unaosalia ni mdogo, ingawa unastahili kuangaliwa: "elfu mia moja na tano" yaweza kuwa 105,000 au 100,005. Sokoni utata huo huepukwa kwa kusema laki moja na elfu tano.

3.0 Desimali: Njia ya Fedha

Chini ya moja, hali ilikuwa tofauti. Maisha ya kale ya pwani yaligawa vitu kwa nusu, si kwa kumi. Pishi moja ilikuwa visaga viwili, na kisaga kimoja vibaba viwili. Nusu, robo na thumni, yaani sehemu ya nane, zilifuata mkondo huohuo. Hata rupia ilikuwa na pesa 64, hesabu inayogawanyika kwa mbili mara sita bila kubakiza kitu.

Mwaka 1904 utawala wa Kijerumani uliibadili rupia yake ya Afrika Mashariki ikawa na heller 100. Sarafu hiyo imetoweka, lakini neno lake limebaki katika umbo la hela, na leo lina maana ya fedha yoyote. Baadaye, katika utawala wa Waingereza, ikaja shilingi ya senti 100 iliyoanzishwa mwaka 1921. Na shilingi ya Tanzania ya mwaka 1966 ikaurithi mgawanyo huo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Bei ya shilingi mbili na nusu iliandikwa 2/50, ikasomwa "shilingi mbili na senti hamsini". Kwa macho na kwa masikio, hizo ni namba nzima mbili zilizotenganishwa na mkwaju. Senti haikutajwa kama sehemu ya mia ya shilingi. Ilikuwa kitu kamili chenye jina lake. Mazoea hayo yakihamishiwa darasani, 0.35 husomwa "nukta thelathini na tano", na 0.8 husomwa "nukta nane". Baada ya usomaji huo, jibu la mwanafunzi linafuata mantiki. Tena, kushuka kwa thamani ya shilingi kumeiondoa senti mikononi mwa watu, hivyo mtoto wa leo amerithi usomaji bila sarafu iliyouzaa.

4.0 Hitimisho

Tiba imo ndani ya lugha. 0.8 ni sehemu nane za kumi, sawa na sehemu themanini za mia, 0.35 ni sehemu thelathini na tano za mia. Yakisemwa hivyo, ukubwa husikika kabla ya kukokotolewa. Baada ya hapo ndipo "sifuri nukta tatu tano" huwa ufupisho salama.

Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, huku sekondari zikifundisha kwa Kiingereza. Pendekezo la Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 la kukiingiza Kiswahili sekondari halikutekelezwa. Kwa hiyo mwanafunzi huzirudia desimali akiwa ameyaacha mlangoni maneno ambayo yangemfafanulia. Anayeonekana kushindwa hesabu huenda ameshindwa kuvuka daraja la lugha; na mwalimu anayetumia dakika chache kutamka "sehemu za kumi" na "sehemu za mia" hapotezi muda wa somo. Analirudisha somo mahali lilipokatikia.