Kengele ya saa nane usiku: kwa nini Mariannhill iliacha kuwa ya Watrapisti

Tarehe 24 Mei ndiyo aliyofariki Abati Franz Pfanner, mwaka 1909, mwasisi wa monasteri ya Mariannhill huko Natal, Afrika Kusini. Wanaomkumbuka humsifu kwa shule, mashamba na misheni, na sifa hizo anazistahili. Lisilosemwa sana ni kwamba miezi michache kabla ya kifo chake Roma ilikuwa imeitenga Mariannhill na shirika la Watrapisti, watawa wa sala na ukimya, ambalo yeye mwenyewe alilichagua. Wengi hueleza kuwa Afrika ilihitaji shule kuliko zaburi, na kwamba kukaa ukisali ndani ya kuta ni anasa ya Ulaya. Maelezo hayo hayatoshi. Kilichoshindikana Mariannhill ni ratiba.

Pfanner, Mwaustria aliyekwisha kuanzisha monasteri ya Mariastern huko Bosnia, alifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1880 na kuhamia Natal mwishoni mwa 1882. Kufikia 1898 Mariannhill ilikuwa na watawa 285, na hakukuwa na abasia ya Kitrapisti iliyoizidi ukubwa duniani. Siku ya watawa hao ilianza saa nane usiku. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, wanayoifuata Watrapisti, inataka vipindi saba vya sala mchana na kimoja usiku, na zaburi zote 150 ziimbwe ndani ya juma moja. Katikati ya vipindi kuna kazi za mikono na usomaji mtakatifu. Nyama hailiwi, na kwa zama zile mambo mengi yalisemwa kwa ishara za vidole. Utaratibu huo unawezekana pale ambapo kila mtu anaisikia kengele. Pfanner alifungua vituo kama Reichenau, Lourdes na Centocow, mbali kabisa na kengele ya abasia. Huko ndugu wachache walikuwa na watoto wa kufundisha, mifugo na wagonjwa, na hakuna mwalimu anayefundisha kusoma kwa ishara za vidole. Wakubwa wa shirika walipokuja kukagua, walikuta kanuni imelegezwa. Mwaka 1892 Pfanner alisimamishwa. Mwaka uliofuata alijiuzulu, akaenda kuishi kituo cha Emaus hadi mwisho wa maisha yake.

Watetezi wake wana hoja nzito: Kanuni yenyewe, sura ya 50, inawaruhusu ndugu walio kazini mbali kusali papo hapo walipo. Ni kweli, lakini Benedikto alimfikiria mtawa aliyekwenda shambani au safarini, ambaye atarudi kwa wenzake. Hakumfikiria anayeishi kituoni miaka nenda rudi. Kwa Mtrapisti, kusali pamoja ndiyo kazi yenyewe, na kwaya iliyotawanyika imekwisha. Kwa hiyo Roma, ilipoifanya Mariannhill shirika la wamisionari mwaka 1909, ilitamka tu hali iliyokuwapo tayari. Kwamba ilichukua zaidi ya miaka 15 baada ya kumwangusha mzee huyo ndilo la kulaumu.

Na hoja ya anasa ya Ulaya? Mwaka 1956 Watrapisti kutoka Tilburg, Uholanzi, walifika Lumbwa, Kenya, kwa ajili ya sala na kazi za shamba lao. Vijana wa Afrika Mashariki walijiunga nao, wakaamka usiku kama wengine. Kilichowang'oa pale ni machafuko ya baada ya uchaguzi, si uchache wa miito: mwaka 2008 jumuiya ilihamia Kutaba, Uganda, ikaendelea na vipindi vyake.

Tanzania nayo ina kipande cha historia hii. Mwaka 1897 watawa wa Mariannhill walipanda milima ya Usambara na kuanzisha misheni ya Gare, ingawa hawakudumu hapo. Katika masimulizi ya Kanisa letu sura hiyo hupitwa haraka mno. Wanaotunza kumbukumbu za misheni za Tanga waiandike kwa Kiswahili, pamoja na ugomvi wake.